Aliyemwiga mheshimiwa akawa mheshimiwa: Mikumi ina somo kwa mashabiki wa soka

Mchukue mtoto yeyote wa Mikumi aliyekuwa na miaka minane mwaka 2001. Jioni yake ilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni chandimu: mpira wa makaratasi na nailoni uliokazwa kwa kamba, magoli ya matofali, refa hakuna. La pili ni kuigiza. Mmoja anapanda juu ya kichuguu, anatunisha kifua, anakohoa kizee, halafu anaanza kumwaga ahadi. Wenzake walio chini wanaitikia kwa sauti moja: "Ndio mzee!"

Mchezo huo haukutoka hewani. Ulitoka redioni. Professor Jay, ambaye jina lake kamili ni Joseph Haule, alikuwa ametoka kwenye kundi la Hard Blasters na kuachia albamu yake ya kwanza peke yake, 'Machozi, Jasho na Damu'. Ndani yake kulikuwa na wimbo wa 'Ndio Mzee'. Mwanasiasa yuko jukwaani anaomba kura, anaahidi mambo ambayo hata mtoto wa chekechea anajua hayawezekani, na umati unaitikia tu. Nchi nzima ilicheka. Watoto waliukariri kama wanavyokariri majina ya kikosi cha kwanza.

Sasa piga hesabu. Mtoto yule wa miaka minane, mwaka 2015 alikuwa na miaka 22. Ana kadi ya mpigakura mfukoni. Kampeni zimeanza, jukwaa limefungwa, spika zinaunguruma, na anayepanda kuomba ubunge wa Jimbo la Mikumi ni nani? Ni yule yule. Professor Jay mwenyewe, mzima mzima, na sauti ile ile iliyokuwa ikitoka kwenye redio ya nyumbani.

Wengi hukutana na shujaa wao wa utotoni wakiwa na shida naye: picha, saini, tisheti. Kijana wa Mikumi alikutana na wa kwake katika hali ya tofauti kabisa. Safari hii shujaa ndiye aliyekuwa na shida. Alikuwa anaomba kura.

Hapo ndipo penye utamu, na ndipo penye mtihani. Unamwitikiaje mtu ambaye ndiye aliyekufundisha kuwacheka wanaoitikia kila kitu?

Swali hili linaonekana la siasa, lakini mwenye macho atagundua kwamba linawahusu zaidi watu wa mpira. Maana hakuna mahali nchini ambapo "Ndio mzee" inaitikiwa kwa sauti kubwa kuliko kwenye soka.

Kuiga si kubana pua

Kwanza heshima itolewe panapostahili. Kuiga ni kazi. Kuna watu wanaodhani mwigaji ni mtu anayebana pua na kukoroma kidogo, basi watu wanacheka. Kama ingekuwa hivyo, kila kijiwe cha kahawa kingekuwa na Steve Nyerere wake.

Steven Mengele hakupewa jina la Nyerere na baba yake. Alilipata kwa sababu aliweza kuirudisha sauti ya Mwalimu. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999, na leo kuna vijana wenye watoto ambao hawakumsikia akiwa hai. Wanamjua kupitia kanda, na wengine wanamjua kupitia waigaji. Mwigaji mzuri anajua kwamba sauti yenyewe ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kunyamaza. Ni kujua mzee alikuwa anakatisha wapi sentensi, anacheka wapi mwenyewe kabla ya wenzake, anarudia neno lipi mara mbili ili lizame.

Kundi la Ze Comedy, ambalo baadaye lilijulikana kama Orijino Komedi, lilijengwa juu ya ufundi huo. Kina Joti, Masanja, Mpoki, Vengu, Wakuvanga na McRegan walikuwa wakimchukua mtu maarufu, wanasiasa na wasanii, wanamvaa kuanzia kofia hadi viatu. Kesho yake aliyeigwa akionekana kwenye taarifa ya habari, watu wanacheka kabla hajafungua mdomo. Hiyo ndiyo nguvu ya mwigaji. Anakuonyesha kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yako miaka yote na hukukiona.

Professor Jay alifanya jambo gumu zaidi. Hakumwiga mtu mmoja. Hakuna mwanasiasa aliyeweza kusimama na kusema "yule ni mimi", na hakuna aliyeweza kusimama na kusema "yule si mimi". Aliiga aina ya mtu. Ni kama mchezaji anayeingia kwenye chandimu akakuchezea si kama Mogella wala si kama Lunyamila, bali kama mshambuliaji yeyote mbinafsi asiyetoa pasi, na kila timu mtaani ikajua inasemwa yenyewe.

Na hakuishia kwa mheshimiwa peke yake. Aliuiga na umati. Watu husahau hili. Kwenye ule wimbo kuna wahusika wawili: anayeahidi na wanaoitikia. Watoto wa Mikumi walipanga foleni kugombea nafasi ya mheshimiwa, hakuna aliyetaka kuwa umati. Lakini mchezo haukuwezekana bila umati. Ukiondoa "Ndio mzee", mheshimiwa anabaki mtu anayeongea peke yake juu ya kichuguu.

Maiki ya kombe la mbuzi

Mpira nao una waigaji wake, na wilaya kama Kilosa ndiko walikozaliwa.

Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati ilifika pale enzi za Mjerumani, na baadaye likajengwa tawi la kwenda Kidatu, likapita Mikumi. Siku hizi treni ya umeme ya SGR nayo inapita Kilosa kwenda Dodoma. Lakini kabla ya hayo yote ya kisasa, kitu kilichokuwa kinaunganisha Kilosa, Kimamba, Mikumi na Ruaha na Uwanja wa Taifa pale Dar es Salaam kilikuwa redio. Redio moja, watu ishirini, mmoja kashikilia antena.

Mpira wa redioni ulikuwa mpira wa sauti. Wasikilizaji hawakumwona mchezaji hata mmoja. Waliwaona kupitia Ahmed Jongo, Mikidadi Mahmoud, Dominic Chilambo, Charles Hilary. Walimsikia Halima Mchuka, mwanamke aliyevunja mwiko na kukaa mbele ya maiki wakati wengi wakiamini kutangaza mpira ni kazi ya wanaume. Shabiki wa Reli ya Morogoro, timu iliyoitwa Kiboko ya Vigogo, angeweza kuwa ameketi kwenye mkeka Kilosa, moyo uko mdomoni, kwa sababu tu ya jinsi mtangazaji alivyovuta pumzi.

Kesho yake kwenye chandimu kulikuwa na makundi mawili ya waigaji. Kundi la kwanza liliiga wachezaji. "Leo mimi Mogella!" Kizazi kingine kikasema mimi Lunyamila, kingine Ronaldinho, kingine Messi. Kundi la pili lilikuwa dogo na mara nyingi lilikuwa la mtoto mmoja: yule asiyejua mpira vizuri, aliyekuwa akiwekwa golini au akikosa namba kabisa. Huyo alikaa pembeni, akakunja ngumi mbele ya mdomo kama maiki, akatangaza.

Mtoto huyo hajapotea. Nenda leo kwenye kombe la mbuzi lolote, Mikumi, Kidodi, Ulaya au Kimamba, utamkuta kawa mtu mzima. Ana spika mbili za kukodi, jenereta linanguruma, na maiki imefungwa gundi ya karatasi. Anatangaza mechi ya kijiji kwa kijiji kana kwamba ni fainali ya Afrika. Dakika kumi za kwanza anatangaza kwa sauti ya Charles Hilary, Mzee wa Macharanga. Mpira ukikolea anahamia kwa Jongo. Goli likifungwa anapiga kelele za vijana wa Azam TV. Wazee walio kwenye viti vya mbele wanatikisa vichwa: "Huyu kampatia!"

Kuna njia rahisi ya kujua mwigaji hodari na mwigaji wa kubahatisha. Mwigaji wa kubahatisha hupandisha sauti mpira ukishaingia wavuni. Hodari hupandisha sauti mapema, pasi inapotoka, kabla mfungaji mwenyewe hajajua kwamba atafunga. Hapo unajua kwamba huyu hakuiga koo la mtangazaji, ameiga macho yake. Na huwezi kuiga macho ya mtu kama huujui mpira.

Charles Hilary alifariki Mei 11, 2025. Alikuwa amepita Radio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, na alifariki akiwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Salamu za rambirambi zilitoka kwa wakubwa, na zilistahili. Lakini kumbukumbu itakayodumu zaidi iko kwenye viwanja vya vumbi, ambako jamaa asiye na hata kitambulisho cha uandishi wa habari anachukua maiki Jumamosi jioni na kumrudisha mzee kazini kwa dakika tisini.

Watu hawa wanacheleweshewa posho, na wengine hulipwa soda na nauli ya bodaboda. Vyama vya soka vya wilaya vinawaona kama mapambo. Ni makosa. Redio na televisheni zinazotafuta watangazaji wapya zingeanzia huko, kwa sababu mtu aliyejifunza kuziiga sauti tano tofauti ameshasikiliza mpira kuliko wengi waliokaa darasani. Kinachobaki ni kumsaidia aipate sauti ya sita, iliyo yake.

Shujaa anapita kwenye lami

Mikumi ina bahati nyingine ambayo miji mingi ya wilaya haina. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita pale, baada ya kukata kama kilometa 50 ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Wengi wanaokwenda Iringa, Njombe au Mbeya kwa gari kutokea Dar es Salaam hupita hapo. Miaka mingi timu kubwa zilizokwenda kucheza Mbeya zilipita hapo kwa basi.

Kwa shabiki wa Mikumi, hiyo ilikuwa ndiyo nafasi ya kuona uso wa mtu aliyemjua kwa sauti tu. Basi linapunguza mwendo kwenye matuta, pazia linafunguka kidogo, mtu anapunga mkono. Yamekwisha. Utani unabaki kwa wiki nzima. Watu wa Yanga wanawaambia wenzao kwamba simba wa kweli wameshawazoea huko hifadhini, wala hawatishi. Watu wa Simba wanajibu kwamba basi la Jangwani lilipita mbio kwa sababu lilisikia mngurumo.

Kukutana na shujaa namna hiyo ni kutamu kwa sababu ni kufupi. Hakuna maswali. Hakuna deni. Unapunga, anapunga, maisha yanaendelea. Shida huanza shujaa anaposhuka kwenye basi na kukuambia anataka kukuongoza.

Si Professor Jay peke yake aliyeshuka kwenye basi. Joseph Mbilinyi, Sugu, alimtangulia, akaingia bungeni mwaka 2010 kwa Jimbo la Mbeya Mjini. Juma Nkamia, ambaye mashabiki wa soka wanamkumbuka kwenye maiki ya mpira, naye aliingia bungeni mwaka huo huo na akafika hadi kuwa naibu waziri kwenye wizara yenye dhamana ya michezo. Wilaya ya Kilosa yenyewe ina mkosi mzuri wa maprofesa. Mikumi ilipata profesa wa jukwaani mwaka 2015. Jimbo jirani la Kilosa likapata profesa wa darasani mwaka 2020, Palamagamba Kabudi, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye Desemba 2024 aliteuliwa kuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo.

Kwa hiyo mpira, muziki na siasa vinakaa nyumba moja. Anayesema visichanganywe amechelewa. La maana ni shabiki kujua yuko chumba gani kwa wakati gani.

Ahadi za msimu

Sasa turudi kwenye umati.

Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilianzishwa mwaka 1936. Jumlisha umri wao, upate miaka inayokaribia 180. Kwa miaka yote hiyo, hakuna hata moja kati yao yenye uwanja wake mwenyewe wa kuchezea mechi za ligi. Yanga ina eneo lake la Kaunda pale Jangwani, ambalo mvua kubwa ikinyesha linajaa maji ya Msimbazi. Simba ina viwanja vya mazoezi Bunju ilivyovizindua mwaka 2019, na hiyo ni hatua, ila ni vya mazoezi. Azam FC iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2008, juzi tu, ina Chamazi.

Katika miaka hiyo karibu 180, ahadi za uwanja zimetolewa mara ngapi? Kila uchaguzi wa klabu una mchoro. Mchoro unapendeza: nyasi za kijani, paa, maegesho, maduka, magari ya kifahari yamepaki na watu wembamba wanatembea. Mgombea anaufunua. Ukumbi unalipuka. Hakuna anayeuliza mchoro wa uchaguzi uliopita uko wapi.

Ndio mzee.

Shuka huku chini, wilayani. Mgombea wa udiwani au ubunge anakuja na jezi seti mbili na mipira mitatu. Nahodha anapiga magoti kupokea. Uwanja wenyewe una mteremko ambao timu inayoshambulia upande wa chini ina wachezaji kumi na wawili. Masika ikifika, kona moja inakuwa bwawa. Vyoo hakuna. Timu za wasichana zinabadilisha nguo nyuma ya mti. Lakini jezi zina namba mgongoni na picha ya mtu kifuani, na watu wanapiga makofi.

Ndio mzee.

Njoo kwenye vyama vya soka. Mgombea anaahidi soka la vijana, kozi za waamuzi, ligi ya wilaya yenye ratiba. Wajumbe wanakula, wananyoosha mikono, wanapanda mabasi. Msimu unafika, ligi ya wilaya inachezwa wiki tatu na kuisha kwa sababu fedha za waamuzi hazipo. Kijana mwenye kipaji pale Kilosa anacheza mechi kumi kwa mwaka, halafu watu wanashangaa kwa nini akienda kwenye majaribio Dar es Salaam anachoka kipindi cha pili.

Ndio mzee.

Hakuna kati ya hao anayepaswa kuitwa mwongo kwa jumla. Wengine huahidi wakiwa wanaamini kabisa. Ndiyo maana ule wimbo ulikuwa na akili: haukusema kiongozi ni mbaya na wananchi ni malaika. Ulionyesha biashara inayofanywa na watu wawili. Mmoja anauza maneno, mwingine analipa kwa kuitikia. Siku mwitikio ukigoma, bei ya maneno inashuka.

Na Professor Jay aliliona hilo mapema. Hakuishia kwenye 'Ndio Mzee'. Simulizi ya yule mheshimiwa aliiendeleza kwenye 'Kikao cha Dharura' na 'Nang'atuka'. Majina peke yake yanatosha kukuonyesha safari: kwanza kuitikia, halafu kuitisha kikao, halafu mtu kuachia ngazi. Mashabiki wengi wa soka wamebaki kwenye wimbo wa kwanza. Wanaruka moja kwa moja kwenda wa tatu timu ikifungwa mechi mbili, wanapiga kelele kocha aondoke, rais ang'oke, mchezaji auzwe. Wimbo wa katikati, ule wa kikao, wa kukaa chini na kuuliza maswali kwa hesabu na kwa majina, ndio hawaupendi. Hauna shangwe.

Kumpenda mtu na kumuuliza mtu

Turudi kwa kijana wa Mikumi wa mwaka 2015. Alifanya nini?

Kura ni siri yake. Kinachojulikana ni kwamba Professor Jay alishinda kwa tiketi ya Chadema, akawa mbunge hadi mwaka 2020, ambapo kiti kilichukuliwa na Dennis Londo wa CCM. Kwa miaka mitano kijana yule alikuwa na watu wawili ndani ya mtu mmoja. Alikuwa na shujaa wake wa utotoni, ambaye akimkumbuka anatabasamu. Na alikuwa na mbunge wake, ambaye alikuwa na haki ya kumuuliza maji, barabara, zahanati na uwanja.

Kuna watu hawakuweza kuwatenganisha hao wawili. Wapo waliosema "huyu ni wetu, tusimsumbue", wakamnyima mbunge maswali kwa sababu wanampenda msanii. Wapo waliofanya kinyume, wakachukia mpaka nyimbo kwa sababu hawakupenda chama. Pande zote mbili zilikosea kwa namna moja. Zilidhani kupenda na kuuliza haviwezi kukaa kwenye kifua kimoja.

Halafu mwaka 2022 likaja jambo lililonyamazisha wote. Professor Jay aliugua figo, akalazwa Muhimbili, akakaa siku 127 katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nchi ilimwombea bila kuuliza rangi ya kadi ya chama. Serikali aliyokuwa akiipinga bungeni ilisimama kwenye matibabu yake. Alipopona, hizo siku 127 akazifanya wimbo, na akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Yule aliyekuwa sauti kubwa redioni alirudi mwembamba, anaongea taratibu, na watu wakampenda zaidi.

Hapo ndipo mtoto wa kichuguu alipomwona shujaa wake vizuri kwa mara ya kwanza. Si kama sauti, si kama mheshimiwa. Kama mtu. Na mtu hupendwa hata akiwa na mapungufu, na huulizwa hata akiwa anapendwa.

Hilo ndilo somo ambalo Mikumi inaweza kuliuza kwa mashabiki wa Simba, Yanga na timu zote za nchi hii. Mpende mchezaji wako. Mpende mfadhili kwa fedha zake. Mpende rais wa klabu kwa makombe aliyoleta. Imba jina lake uwanjani mpaka koo likauke. Halafu Jumatatu vaa nguo zako za kawaida, nenda kwenye mkutano wa tawi, nyoosha mkono, uliza: ule mchoro umefikia wapi? Hesabu zikoje? Ligi ya vijana inaanza lini? Kuuliza hivyo hakukufanyi msaliti. Msaliti ni yule anayejua jibu halipo na bado anapiga makofi.

Viongozi nao wasiogope. Kiongozi anayeulizwa ana bahati, maana bado kuna watu wanaoamini ahadi yake ina uzito wa kufuatiliwa. Siku shabiki akiacha kuuliza na kuanza kucheka tu, huyo kiongozi ameshakuwa mhusika wa komedi, na mwigaji yuko njiani.

Kichuguu cha leo

Watoto wa Kilosa na Mikumi hawajaacha kuigiza. Kilichobadilika ni mhusika. Kizazi kimoja kilimwiga mheshimiwa wa 'Ndio Mzee'. Kilichofuata kilimwiga Haji Manara na Jerry Muro, enzi wale wawili wakirushiana maneno kama ngumi. Wa leo wanamwiga Ahmed Ally na Ali Kamwe. Utamkuta mtoto hana hata viatu, kapanda juu ya gogo, kidole juu, anatangaza ujio wa mchezaji ambaye hata jina lake hawezi kulitamka, na wenzake chini wanashangilia usajili wa kwenye gogo.

Waacheni waigize. Ni shule. Mtoto anayeweza kumwiga msemaji wa klabu mpaka pale anapomeza mate kabla ya kukwepa swali, ameshaelewa kuhusu mpira wa Tanzania mambo ambayo wakubwa wake wanajifanya hawayaoni. Kizazi cha 2001 kilijifunza hivyo hivyo, kwa kucheka.

Ila kwenye mchezo wao kinakosekana kitu kimoja, na wakubwa ndio wanaopaswa kukiongeza kwa mfano. Anahitajika mtoto mmoja chini ya gogo ambaye wenzake wote wakiitikia, yeye haitikii. Anasubiri kelele zitulie. Halafu anauliza kwa adabu, kama mtoto wa Kilosa anavyofundishwa kumuuliza mkubwa:

"Shikamoo mzee. Uwanja uko wapi?"